"Carry" ni kubeba tu? Naombeni msaada, nina kipeperushi cha wazazi

BintiPangani:
Habari za jioni wanajukwaa. Kazi yangu ni kufasiri, na wiki hii nimeletewa kipeperushi cha akina mama waliojifungua watoto njiti. Sentensi inayonikosesha usingizi ni fupi: "Carry your baby skin-to-skin, day and night." Niliandika "Mbebe mtoto wako ngozi kwa ngozi, usiku na mchana," nikaona nimemaliza.

Kabla ya kuituma nikamsomea jirani yangu mwenye mtoto wa miezi minne. Akasikiliza, akachukua kanga, akainama, akamweka mtoto mgongoni na kukaza fundo kifuani. "Hivi?" akaniuliza. Moyo ulinishtuka. Njiti wa kilo moja na nusu akifungwa hivyo, mama hamwoni pua, hajui kama anapumua.

Kamusi yangu inasema beba, chukua, peleka, basi. Wenye lugha wanamaanisha nini hasa wakisema "carry"? Na sisi tuna neno gani la hapa?

MkungaMstaafu:
Mwanangu, jirani yako hakukosea. Ukimwambia mama wa kwetu abebe mtoto bila kumtajia mahali, atamweleka, na kueleka ni mgongoni. Ndiyo maana ile nguo tunaiita mbeleko. Akimlaza mapajani amempakata. Akimzungushia mikono kifuani amemkumbatia. Kila namna ina neno lake.

Nimekaa wodi ya wazazi miaka 31. Huduma hii ya kangaruu, yaani kumtunza njiti ngozi kwa ngozi kifuani mwa mama, ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa sababu mashine za kutunzia joto hazikutosha. Wodini sikusema "mbebe" hata siku moja. Nilisema: mvue, mwachie nepi, kofia na soksi. Mweke wima katikati ya matiti, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kigeukie upande mmoja. Kanga ifungwe, ukingo wake wa juu uishie chini kidogo ya sikio la mtoto. Hapo hata aliyejifungua jana anaelewa.

MwalimuWaLugha:
Shikamoo mama mkunga. Dada, niongezee upande wa Kiingereza. "Carry" liliingia Uingereza kwa Kifaransa cha Wanormani, na mzizi wake ni neno la Kilatini la gari la kukokotwa. Kwa hiyo ndani yake mna mwendo: kitu kinatoka hapa kinakwenda kule. "Hold" ni kushika tu, hata ukiwa umekaa. "Bear" ndilo lao la zamani, na siku hizi limeelemea kwenye kuzaa na kuvumilia. "Haul" ni kukokota, "lug" ni kubeba kizito kwa taabu, "convey" ni la barua rasmi. Hakuna hata moja linalokwambia ni mgongoni, kichwani au kifuani. Huo ndio mtego uliokunasa.

Ila kuna pahali "kubeba" linatosha kabisa. Mtu anaweza kubeba kinasaba cha selimundu asiugue. Wazazi wote wawili wakiwa nacho, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mgonjwa. Huko usibadilishe kitu.

MgumuWaMarangu:
Mimi ni mgumu, napandisha mizigo ya wageni Kilimanjaro. Mzigo wa kilo 20 hujitwiki mwenyewe ukiwa umechoka: mwenzako anakutwika, mkifika kambini anakutua. Mwaka jana mgeni mmoja aliniambia "help me carry it." Nikauinua mfuko wake nikamwekea begani vizuri, nikadhani nimemsaidia. Akabaki ananitazama. Kumbe alitaka nimpokee! Kumtwika mtu na kumpokea ni vitu viwili vinavyopingana, na kwa Kiingereza chake vyote vilikaa ndani ya "carry". Tangu siku hiyo nauliza kwanza: niubebe mimi, au nikupandishie wewe?

BintiPangani:
Shikamoo mama mkunga, na asanteni nyote. Hiyo ya kutwika na kupokea nimeiandika kwenye daftari langu la kazi.

Neno "mbebe" nimeliondoa. Sasa inasomeka: "Mweke mtoto wako wima kifuani, katikati ya matiti, ngozi yake iguse ngozi yako, usiku na mchana." Mstari umekuwa mrefu kuliko wa Kiingereza na mwenye kazi amelalamikia nafasi. Nimemwambia apunguze picha ya maua iliyo pembeni, maneno haya hayapungui.

Jioni hii nimerudi kwa jirani nikamsomea upya. Safari hii alifungua vifungo vya gauni, akamsimamisha mtoto kifuani, akashika kanga akasita. "Inaishia wapi?" Nimeongeza mstari wa sikio.