Msanii chipukizi: afuate taratibu au azivunje?

Mpiga Solo
Wakuu, kuna kijana hapa mtaani ana ngoma kali tupu. Kila anayemwendea anamwambia yaleyale: tafuta meneja, saini lebo, peleka wimbo redioni usubiri. Mimi nimemwambia aachane na hayo, atupie mwenyewe YouTube na Boomplay, apige shoo za mtaani mpaka ajulikane. Harmonize alitoka Wasafi, lebo ya Diamond, 2019 na akasema kwa mdomo wake alilipa mamia ya milioni ili aachiwe. Lebo ya nini sasa?

Binti Pwani
Na kabla ya Wasafi nani alikuwa anamjua? Lebo ndiyo ilimtoa, ikamlipia video, ikampa kolabo na bosi. Usimponze mtoto wa watu. Mkishavunja taratibu ndipo tunaletewa makelele kama singeli.

Mtoto wa Manzese
Makelele? Dada, singeli ilinyimwa redio miaka, ikaishi kwenye vigodoro, zile sherehe za usiku kucha mtaani, na memori kadi za simu. Mapigo 200 na zaidi kwa dakika, prodyuza yeyote wa mjini angekwambia hayo hayachezeki. Uswahilini tukacheza. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes, lebo ya Kampala, ikatoa mkusanyiko wa studio ya Sisso, ya Mburahati hapo, na vijana wakaitwa kupiga Ulaya.

Binti Pwani
Kuitwa Ulaya hakugeuzi kelele kuwa muziki. Mimi nimelelewa na taarabu: vina, mizani, mafumbo, mtu anakaa anasikiliza. Muziki wenye adabu zake.

Mzee wa Gambusi
Mwanangu, hizo adabu zililetwa na nani? Taarabu ya jumba la Sultani wa Zanzibar iliimbwa Kiarabu. Siti binti Saad, mtoto wa kijiji cha Fumba aliyekuwa akitembeza vyungu mjini, ndiye aliyeiimba kwa Kiswahili mpaka wanyonge wa Ng'ambo, mtaa wa walalahoi, wakaielewa. Alitungiwa wimbo wa kumkejeli kwa ushamba na kaniki yake. Mwaka 1928 akapanda meli kwenda Bombay, akarekodi santuri.

Binti Pwani
Shikamoo mzee. Lakini Siti alifundishwa kwanza, Kiarabu na kuimba, ndipo akabadilisha. Hakuamka tu akaanza kupiga kelele.

Mtoto wa Manzese
Kwa hiyo sisi hatukufundishwa? MC anasimama mbele ya watu usiku kucha anatunga papo hapo, biti haimsubiri. Njoo ushike maiki wewe na vina vyako!

Mpiga Solo
Jamani, kijana wangu...

Nimechoka na Geti
Mimi nitasema la redio. Nimekaa nje ya geti la kituo kimoja tangu saa mbili asubuhi, flashi mfukoni. Mtangazaji alitoka jioni, akaipokea, akaniuliza, "Na bahasha?" Sikuwa nayo. Wimbo haukupigwa hata mara moja. Anayesema tufuate taratibu aniambie kwanza bahasha imeandikwa kwenye taratibu ipi.

Fundi Mitambo
Pole sana ndugu. Ila zipo taratibu zenye meno. Mwaka 2018 BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, iliwafungia Diamond na Rayvanny kufanya shoo, na hao ndio wakubwa. Mpiga Solo, hizo biti za kijana ni za nani?

Mpiga Solo
Za rafiki yake. Hawakuandikishana kitu.

Fundi Mitambo
Basi asitupie kitu YouTube leo. Waandikishane mgawanyo hata kwenye karatasi ya daftari, wote wasaini, waende COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Ngoma ikishika, huyo rafiki ndiye atakayekuwa wa kwanza kuiripoti ishushwe.

Binti Pwani
Ndiyo nilichosema tangu mwanzo, taratibu.

Mtoto wa Manzese
Tangu mwanzo ulisema singeli ni makelele. Hilo bado hujalifuta.