Senene achambuliwe akiwa hai?

Msimu wa Novemba wa senene, panzi wanaoliwa Uganda, umekaribia, na Masaka mabati yatasimamishwa tena kuzunguka taa za kuwanasia. Swali: ni haki kumnyofoa senene mabawa na miguu huku bado anapiga mateke?

Mchuuzi, Kampala: Senene akifa ndani ya gunia lenye joto, ananuka upesi na mteja hamgusi. Ndiyo maana wanachambuliwa hai, mikono ikiwa na majivu ili wasiteleze. Huo si ukatili, ni kuokoa chakula.

Msomaji, Jinja: Mimi nyama sili, na senene kwangu ni nyama. Ila hata kwa wanaokula, hiyo ni sababu ya kuwahi, si ya kumtesa. Mdudu hajitengenezei joto, akipoa, analegea. Panga chupa za maji yaliyogandishwa kwenye sanduku, tia senene tabaka jembamba, funika mpaka waache kutikisika, ndipo uchambue. Kukata kichwa hakusaidii: neva zake zina vituo mwili mzima, kiwiliwili kinaendelea kurusha miguu.

Ustadhi, Mbale: Kisheria nzige ni halali bila kuchinjwa, kama samaki, na wengi wetu tunamhesabu senene humo. Lakini kutochinjwa si ruhusa ya kumtesa kiumbe.

Mtegaji, Masaka: Mnamsahau anayeumia zaidi. Taa za wati 400 zinaunguza macho ya vijana usiku kucha. Moshi wa majani mabichi unawalevya senene, wanagonga bati, wanateleza hadi ndani ya pipa. Pamoja nao anaingia kila mdudu anayefuata mwanga, hata wale wadogo ambao majimaji yao yanababua ngozi. Pipa halichagui! Asubuhi wasio senene wanamwagwa wamekufa. Hapo ndipo ningeanza kuuliza haki.

Mama mpishi, Mukono: Na haki ya wanawake je? Zamani Buganda mwanamke aliwakamata na kuwachambua, mume akala, yeye akaambulia nguo ya zawadi kutoka kwa mume. Leo tunakula wote, ila wanaochambua sokoni mpaka vidole vinachubuka bado ni wanawake. Senene waliopoa hawang'ati wala hawaruki, kazi inakwenda haraka. Kukaanga hakubadiliki: wana mafuta yao, ongeza kitunguu na chumvi tu.

Mchuuzi, Kampala: Mama, hapo nimekuelewa. Gunia nitalijaza nusu, maana wa chini wakibanwa wanavuja na kuwaozesha wa juu. Barafu ya safari ya usiku kutoka Masaka ataigharamia nani, mtegaji au mimi?