Faini kwa nyumba ya bati isiyo na gata na tangi: mnaionaje?

Kidumu Kichwani: Wakuu, za jioni. Kijijini kwetu huku Chamwino, Dodoma, mkutano wa hadhara umeibua hoja: kila mwenye nyumba ya bati afunge gata na tangi la kukinga maji ya paa kabla ya mvua za Desemba, la sivyo faini. Pampu ya kisima ina miezi minne imekufa, na hata ikiwa nzima maji yake ni ya chumvi, ukipika chai unamwaga. Mimi naunga mkono. Hao wanaolia hawana hela ndio wenye hela ya bodaboda na mahari ya mke wa pili.

Fundi Bati: Tupige hesabu kwanza. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 8 kwa 6 ni mita za mraba 48. Huku tunapata kama milimita 550 kwa mwaka. Toa yanayomwagika, unabaki na lita elfu ishirini na ushee. Maji yapo, pa kuyaweka ndiyo kazi. Familia ya ndoo nne kwa siku inamaliza simtanki la lita 2,000 ndani ya siku 25, na kiangazi chetu ni Mei hadi Novemba. Unampiga mtu faini kwa tangi linaloisha kabla ya Juni?

Wa Pili Halali: Mke wa pili kaingiaje kwenye gata?

Kidumu Kichwani: Mfano tu dada.

Wa Pili Halali: Mfano gani? Anayechota ni nani? Bi mkubwa ana punda, mimi nina kichwa. Saa tisa usiku niko korongoni, nimechimba mchanga mpaka kiunoni, nachota kwa kikombe, nasubiri yajikusanye, nachota tena. Ndoo moja mpaka jogoo anawika. Wewe hiyo saa unakoroma.

Mzee wa Tembe: Kijana, mahari ni ng'ombe. Ng'ombe hauzwi ukanunue plastiki.

Kidumu Kichwani: Shikamoo mzee. Hoja ni bati lakini.

Mzee wa Tembe: Marahaba. Ndiyo hiyo hiyo. Sisi wa tembe, nyumba za paa la udongo, maji ya darini ni uji wa udongo, hamtudai. Jirani yangu alitaka kuezeka bati mwaka huu. Kasikia faini, karudi kwenye udongo.

Mwana wa Kitui: Huku Ukambani, Kenya, tunajenga ukuta kwa mto wa msimu. Mchanga unajaa nyuma yake, maji yanakaa ndani ya mchanga, jua haliyafikii. Akina mama wamezijenga nyingi, kwa vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi. Tangi ni ya boma moja, ukuta ni wa kijiji. Na hizo gata zenu mmeweka njia ya kumwaga maji ya mvua ya kwanza? Ama mtakunywa kinyesi cha popo?

Fundi Bati: Ya kwanza unamwaga, ndiyo. Sasa turudi kwenye lita.

Boda Jioni: Mimi imenichoma hiyo ya bodaboda. Nani anawaletea maji? Natoka na madumu manne, njia ya mchanga, tairi linazama. Na mtoa mada mwenyewe namjua kwa hiyo avata. Alinipigia saa mbili usiku nimpelekee madumu, ana wageni. Mpaka leo "nakutumia kesho".

Kidumu Kichwani: Usilete mambo binafsi hapa.

Wa Pili Halali: Hahaha! Kumbe hata tangi hana.

Kidumu Kichwani: Ninalo. Halijafungwa tu.

Mzee wa Tembe: Basi wewe ndiye wa kwanza kwenye faini.

Fundi Bati: Kuna mtu amesoma hesabu yangu?

Wa Pili Halali: Tumesoma fundi. Aombe radhi kwanza.

Boda Jioni: Na madumu yangu. Elfu mbili.