Nyie mnaowinda makosa ya bei supamaketi na kuyaacha makusudi ili mvune tena, acheni!

Wakuu, salaam.

Niko kaunta ya huduma kwa wateja kwenye supamaketi, huu ni mwaka wa sita. Duka silitaji na mtu simtaji, kwa sababu ninayoyaandika yapo popote palipo na rafu, mashine ya keshia na tangazo ukutani linalosema tukikosea bei tunakufidia. Nimeyameza muda mrefu. Wiki hii yamenikaba koo.

Kwanza sera yenyewe, kwa ambao hawajawahi kuitumia. Lebo ya rafuni inasema bei moja, ukifika kwa keshia mashine inasoma bei kubwa zaidi. Ukiliona hilo kwenye risiti unakuja kaunta. Maduka mengine yanakurudishia iliyozidi na basi. Mengine yanakulipa mara mbili ya tofauti. Mengine yanakupa bidhaa bure kabisa. Kanada wenye maduka walijiwekea kanuni ya hiari mwaka 2002: ilipoanza, bidhaa isiyozidi dola 10 ulipewa bure, iliyo juu ya hapo ulipunguziwa dola 10. Australia, supamaketi zilizoingia kwenye kanuni yao zinatoa kipande cha kwanza bure na vilivyobaki unauziwa kwa ile bei ya chini. Jimbo la Michigan kule Marekani wameiweka kwenye sheria: unarudishiwa iliyozidi, pamoja na nyongeza ya mara kumi ya hiyo tofauti, isipungue dola 1 na isizidi dola 5.

Ni sera nzuri na naitetea. Mtu akija na risiti nikakuta kweli tumemzidishia, namlipa na kumwomba radhi, tena kwa moyo. Amedai haki yake. Hata akija mara tatu kwa mwezi kwa makosa matatu tofauti, kosa ni letu, si lake.

Ninaowasema hapa ni wengine.

Hawa wanajua siku ofa zinapoisha. Usiku wa siku hiyo wenzetu wa rafuni wanapita safu kwa safu kutoa lebo za ofa, mamia ya lebo, wakiwa wawili tu, na haiwezekani zisibaki chache zilizosahaulika. Asubuhi tukifungua mlango, wao ndio wa kwanza kuingia. Kapu hawachukui. Wanatembea na simu, lebo moja baada ya nyingine, wakitafuta tarehe iliyopita. Wakiipata wanapiga picha, wanachukua kipande kimoja, wanalipa, wanakuja kwangu. Nawalipa. Dakika kumi baadaye anakuja mkewe na kipande cha bidhaa hiyohiyo na risiti nyingine. Kisha shemeji. Kanuni nyingi zinasema fidia ni kwa kipande kimoja tu cha bidhaa ya aina moja, kwa hiyo wanajigawa kwenye foleni tatu ili ziwe risiti tatu. Mchana naletewa picha ileile na watu nisiowahi kuwaona, maana imeshazunguka kwenye kundi lao la simu.

Kuna na wanaong'oa lebo ya bidhaa moja na kuichomeka kwenye nyingine. Hao ni wezi, hakuna mjadala, na kamera zinawakamata. Siwapotezei muda.

Linaloniuma ni hili. Bidhaa moja mara nyingi inapangwa sehemu tatu: kwenye rafu yake, kwenye kichwa cha safu, na karibu na keshia. Ofa ikiisha, lebo inaweza kutolewa sehemu moja ikasahaulika mbili. Mwindaji anazijua zote. Anapokuja kaunta ananionyesha moja, kijana wa rafuni anakwenda kuitoa, tunamshukuru. Nyingine anazinyamazia. Nimewauliza kwa mdomo wangu: "Ndugu, kuna mahali pengine umeiona hii bei?" Ananitazama usoni anasema hapana. Kesho ndugu yake analeta picha ya lebo ya pili.

Sasa fikirieni kati ya jana na kesho ni watu wangapi wamepita pale. Mtu anasoma lebo, anaamini, anatia kwenye toroli pamoja na vitu vingine ishirini, analipa, anaondoka. Hakukagua risiti kwa sababu ana mtoto anayelia mgongoni, au kwa sababu hasomi vizuri maandishi madogo, au tu kwa sababu alituamini. Huyo amelipa bei isiyokuwa yake. Mwindaji alikuwa na uwezo wa kumwokoa kwa sentensi moja, akaamua kumwacha aumie ili yeye apate kipande kingine cha sabuni.

Wiki iliyopita alikuja mzee mmoja. Risiti ameikunja ndani ya leso. Alikuwa amenunua vipande viwili vya bidhaa ambayo wawindaji walikuwa wameivuna tangu asubuhi ya siku aliyonunua. Hakutaka fidia, wala hakujua kama ipo. Alitaka arudishiwe iliyozidi tu. Lakini kwa sababu ya wawindaji uongozi ulishabadilisha utaratibu miezi kadhaa nyuma: udai siku hiyohiyo, kabla hujatoka mlangoni, na lebo iwe bado ipo rafuni na mfanyakazi aione kwa macho. Mzee alikwenda nyumbani, mjukuu ndiye aliyemsomea risiti, akarudi siku ya pili. Lebo ilikuwa imeshatolewa.

Mimi nilijua anasema kweli. Nilishalipa watu kumi na mmoja kwa lebo za bidhaa hiyohiyo! Nikamwita meneja wa zamu, nikamweleza. Akasema utaratibu ni utaratibu, leo tukimlegezea huyu kesho kaunta itajaa. Nikarudi kumwambia mzee kwamba haiwezekani. Akasema, "Sawa mwanangu, labda ni macho yangu." Akaikunja risiti yake vilevile akairudisha kwenye leso.

Watu kumi na mmoja ambao hawakupoteza kitu walilipwa. Aliyepoteza ndiye aliyeambiwa hana ushahidi.

Nimesoma mengi kuhusu hii fidia ilikotoka, kwa sababu nilitaka kujua kama mimi ndiye mwenye roho mbaya. Zamani kila kipande dukani kilibandikwa bei yake. Ukifika kwa keshia umeishika bei mkononi, hakuna wa kukubishia. Tarehe 26 Juni 1974, huko Troy, Ohio, bidhaa ya kwanza ikasomwa kwa msimbopau, ile mistari myeusi kwenye pakiti, kwenye supamaketi, na kuanzia hapo maduka yakaanza kutamani kuachana na kazi ya kubandika, maana bei sasa inakaa kwenye kompyuta. Michigan ilikuwa na sheria ya mwaka 1976 iliyolazimisha bei kwenye kila kipande. Mwaka 2011 walipoitungia mbadala waliwaondolea wenye maduka mzigo huo, lakini fidia ya mteja aliyezidishiwa wakaibakiza. Mnaona mantiki yake? Mteja amenyang'anywa kile kibandiko kilichokuwa shahidi wake. Fidia ndiyo inayomlinda mahali pa kibandiko. Imewekwa kwa ajili ya mtu kama yule mzee.

Na makosa yapo kila siku, tusidanganyane. Mwongozo wa ukaguzi wa bei unaotumika Marekani unahesabu duka limefaulu likipata bei sahihi kwa bidhaa 98 kati ya kila 100 zilizokaguliwa. Chukueni duka lenye aina 20,000 za bidhaa: hata likifikia kiwango hicho kwenye rafu zote, bado linaweza kuwa na bei 400 zisizolingana na mashine. Hakuna jeshi la wafanyakazi litakalozikamata zote kwa wakati. Anayezikamata ni mteja mwenye macho. Ndiyo maana mwenye macho anayeficha alichokiona ananikasirisha kuliko hata yule mzembe aliyesahau lebo.

Najua majibu yenu, nimeyasikia yote kaunta.

"Duka ni tajiri, haliumii." Wenye duka hawaumii, nakubali. Anayeulizwa ni kijana wa rafuni aliyebeba safu nne peke yake usiku kucha. Mmoja amepewa barua ya onyo mwezi uliopita kwa lebo tatu. Na keshia ndiye anayetukanwa mbele ya foleni, anaitwa mwizi, wakati yeye haijui bei ya rafuni. Yeye anapitisha bidhaa, mashine inasema.

"Sijavunja sheria." Kweli, kwa kiasi kikubwa hamjavunja. Ila mkizungumzia sheria mziseme zote. Kwenye sheria ya mikataba ya Uingereza, mahakama ilishaamua mwaka 1953 kwamba bidhaa iliyopangwa rafuni ni mwaliko tu kwa mnunuzi, na mapatano yanafanyika kwa keshia. Maana yake ni kwamba fidia nyingi mnazochukua zimesimama juu ya ahadi ambayo duka lilijiwekea lenyewe, pale ambapo hakuna sheria maalumu kama ya Michigan. Ahadi ya hiari ikichezewa, aliyeitoa anaibana au anaifuta. Tayari kwetu imebanwa. Mkimaliza hapa mtahamia duka lingine, na watu wa hapa watabaki na utaratibu wa "kabla hujatoka mlangoni".

"Duka ndilo linatuibia sisi kwanza." Hapa nawasikiliza, maana yapo maduka yanayoacha bei za ofa zikining'inia wiki nzima kwa sababu kuacha kunalipa. Ukilikuta la namna hiyo lipeleke kwa wanaosimamia haki za mlaji, na picha zako zote, nami nitakupigia makofi. Lakini wewe unayeijua lebo mbovu na kuilea hupigani na huo wizi. Duka linachukua kwa yule asiyekagua risiti, wewe unachukua kwa duka, na kosa lilelile linawalisha nyote wawili. Mnagawana mavuno.

Halafu mashine ikisoma bei ndogo kuliko ya rafuni mbona siwaoni kaunta? Yupo mmoja, ananidai fidia karibu kila wiki, ana hotuba ndefu kuhusu usahihi na uaminifu wa wafanyabiashara. Siku moja mfumo ulikosea upande wa pili, bidhaa ikawa inasomwa kwa bei ya chini sana. Alijaza toroli mbili. Nilimwona kwa macho yangu akipita na kichwa chini, na hotuba siku hiyo hakuwa nayo.

Sitetei waajiri wangu na nimewaambia kwenye kikao. Watu wawili kwa lebo mamia usiku mmoja ni kutafuta makosa kwa makusudi. Ni rahisi kwao kulipa fidia chache kuliko kuongeza mtu wa tatu. Na kaunta tuna kosa letu: mtu akileta lebo moja tunakimbilia kumlipa foleni isogee, badala ya kwanza kuzungusha mtu kwenye sehemu zote bidhaa hiyo ilipopangwa. Mimi nimeanza kufanya hivyo kwa nguvu. Namwambia mteja asubiri, kijana azunguke, zing'olewe zote, ndipo nafungua droo. Wateja wa kweli wanasubiri. Wawindaji wanakasirika mno, na hasira yao inanionyesha walikuwa wameacha nini nyuma.

Nyongeza, baada ya kusoma majibu yenu:

Mkuu uliyeandika kwamba nawaonea wivu kwa kuwa mfanyakazi haruhusiwi kudai: nilishadai kwenye maduka ya wengine, mara mbili, na mara zote mbili nilimpeleka mfanyakazi hadi kwenye lebo. Imenichukua dakika tano.

Dada uliyeuliza ufanye nini ukiona lebo mbovu na hununui bidhaa hiyo: mwambie yeyote mwenye sare. Huna haja ya risiti kusema kweli.

Uliyesema unategemea hizo fidia kuendesha nyumba kwa kuwa huna kazi, sikutukani. Njaa naijua. Chukua fidia ya kosa ulilolikuta. Ila taja na lebo nyingine mbili, kwa sababu atakayepita pale baada yako anaweza kuwa na hali kama yako au mbaya zaidi.

Na waliouliza habari za yule mzee. Nilipotoka kaunta nimfuate nimpe kutoka mfukoni mwangu, alikuwa ameshavuka barabara. Namtazamia kila zamu. Hajarudi.