Baada ya shahada ya miaka miwili, nisomee usimamizi wa dharura na usalama wa nchi, au nibaki na maafa peke yake?

Mkaguzi wa Ghala ameuliza:

Salamu kwenu nyote. Nimerejea Nairobi baada ya kuishi Marekani kwa miaka kadhaa, na huko nilihitimu katika chuo cha jamii kwa shahada ile ya miaka miwili ambayo wenyewe huiita asosieti, fani yangu ikiwa sayansi ya kuzima moto. Kwa sasa ninasimamia usalama katika ghala moja eneo la Viwandani. Mshahara unanitosha mimi na wanangu wawili, lakini kila tangazo la kazi ninalolisoma, liwe la kaunti au la shirika la misaada, linadai shahada kamili.

Kuna chuo kikuu cha Marekani kilicho tayari kunipokea nimalizie kwa intaneti shahada inayounganisha usimamizi wa dharura na usalama wa ndani ya nchi, na wanasema krediti zangu 60, yaani vipimo vya kiasi cha masomo niliyokwisha kumaliza, zitatambuliwa. Mjomba wangu, ambaye ndiye atakayenisaidia kulipa ada, anashikilia kwamba nijiunge na chuo cha hapa nyumbani hata ikibidi nianze mwaka wa kwanza. Ningependa kusikia kutoka kwa walioifanya kazi hii: je, shahada hiyo ya Marekani itanifaa hapa, au nitakuwa nimenunua jina tu?

Mzimamoto Mstaafu amejibu:

Dada, karibu tena nyumbani. Nianze na hilo jina la shahada, kwa sababu ndani yake mna kazi mbili zilizofungwa pamoja na historia ya nchi nyingine. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, Wamarekani walitunga sheria mwaka wa 2002 ya kuunda wizara mpya ya usalama wa ndani, nayo ilipoanza kazi Machi 2003 ilikuwa imekusanya chini yake mashirika 22, likiwemo FEMA, shirika la kushughulikia dharura lililokuwapo tangu 1979. Vyuo navyo vikafuata mkondo huo huo vikaunganisha masomo. Kimbunga Katrina kilipopiga mwezi wa Agosti 2005, wakosoaji wengi walisema kwamba serikali ilikuwa imekodolea macho ugaidi hata ikasahau maji, na mwaka uliofuata sheria ikabidi ibadilishwe ili FEMA irudishiwe sehemu ya mamlaka yake. Nayasema haya ili ujue kwamba hata kwao ndoa hiyo haikukosa ugomvi.

Hapa kwetu kazi hizo mbili ziko mbalimbali. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaitaja kazi ya kusimamia maafa mara mbili, upande wa serikali ya taifa na upande wa kaunti, na kwa kaunti limeiweka pamoja na zimamoto. Kupambana na ugaidi ni shughuli ya polisi, jeshi na ujasusi, na huko mtu huingia kwa mlango wao wa usajili, wala hawatakuuliza ulisomea nini kwenye intaneti. Ukiwaza kurudi Marekani kutafuta kazi katika wizara ile, kumbuka pia kwamba nafasi nyingi za serikali yao hupewa raia.

Hata hivyo, kuna jambo moja katika masomo yao ambalo ningemsihi kila kijana alisome, nalo ni mfumo wa uongozi wa matukio. Ulizaliwa California baada ya mioto mikubwa ya mwaka wa 1970, walipogundua kwamba vikosi kutoka sehemu mbalimbali havikuwa na lugha moja wala mkubwa mmoja. Kanuni zake ni nyepesi kuzieleza: mkuu wa tukio awe mmoja anayejulikana na wote, na kila msimamizi awe na watu kati ya watatu na saba, watano wakiwa ndio kiasi bora. Kuzitekeleza ndiko kugumu. Tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani hapa Nairobi ulipolipuliwa na jumba la Ufundi likaporomoka kando yake, nilikuwa bado kijana kazini. Watu wema walipanda juu ya kifusi kwa mamia, wakichimba kwa mikono, na kwa saa nyingi hapakuwa na mtu ambaye angeweza kuwaambia wanyamaze kidogo tusikilize sauti za waliofukiwa. Miaka 15 baadaye, magaidi walipolivamia jumba la maduka la Westgate, vikosi vyetu wenyewe vilichanganyikana na shughuli ikachukua siku nne. Mwaka wa 2019, walipoivamia hoteli ya DusitD2, uratibu ulikuwa bora zaidi na shughuli ikaisha kabla saa 24 hazijatimia. Walioishi nyakati hizo tatu wanaijua tofauti yake bila kuonyeshwa kitabu.

Karani wa Vyeti amejibu:

Mzee amesema vyema kuhusu kazi, nami nitashika upande wa makaratasi, ambako ndiko wengi hukwama.

Dada Mkaguzi, kiangalie cheti chako kwa makini. Shahada za miaka miwili za Marekani si za aina moja. Zipo zilizotungwa kwa nia ya kumpeleka mwanafunzi chuo kikuu, na ipo ile ya sayansi tekelezi iliyotungwa kumpeleka kazini moja kwa moja, na masomo ya kuzima moto mara nyingi huangukia aina hii ya pili. Chuo kikuu kinaweza kuzipokea krediti zote 60 kisha kikaweka nyingi katika fungu la masomo ya hiari, ambako hazipunguzi hata somo moja la lazima. Shahada kamili kule kwa kawaida ni krediti 120, na vyuo vingi hudai kwamba angalau 30 zisomwe kwao. Kwa hiyo usiridhike na neno "tutazitambua". Omba tathmini iliyoandikwa, somo kwa somo, kabla hujalipa hata senti. Hakikisha pia kwamba chuo kina ithibati inayokubaliwa na Wizara ya Elimu ya Marekani, maana Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu itataka kulijua hilo siku utakapoomba shahada yako itambuliwe hapa.

Kwa upande wa nyumbani, katika mfumo wetu wa kitaifa wa sifa za masomo diploma huwa ngazi ya 6 na shahada ya kwanza ngazi ya 7. Ukithibitishiwa kwamba cheti chako kinalingana na diploma, mjomba hana haja ya kuogopa mwaka wa kwanza, kwa kuwa vyuo vyetu vingi huwaruhusu wenye diploma ya fani inayohusiana kuingia mwaka wa pili. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, kina kitivo kizima cha usimamizi wa maafa na misaada ya kibinadamu. Najua Kakamega ni mbali na wanao ni wadogo, basi uliza mapema kuhusu utaratibu wa masomo kwa watu walio kazini.

Mchora Ramani wa Kasarani amejibu:

Kwa heshima zote, Mzee, naona umeupunja upande wa usalama. Tangu Westgate, hoteli, benki na majumba ya biashara ya jiji hili yamekuwa yakitafuta watu wanaoweza kupima hatari na kuandika mpango wa kuhamisha watu, na wakuu wa makampuni hayo hupendezwa na neno usalama kwenye cheti. Soko hilo si dogo.

Ila nakubaliana nawe kwamba kinachoua watu wengi hapa si ugaidi. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalibomoa nyumba kandokando ya mto Mathare, na Mai Mahiu maji yaliteremka usiku watu wakiwa wamelala. Miezi mitatu kabla ya hapo gesi ilikuwa imelipuka Embakasi katikati ya makazi. Masomo ya Marekani hayatakufundisha jinsi ya kumshawishi mpangaji ahame ukingo wa mto ilhali kodi ya mahali pengine haiwezi. Popote utakaposoma, dada, ongeza somo la ramani za kompyuta. Kituo cha kikanda cha ramani, kilichoanzishwa 1975, kiko hapa Kasarani, na kile cha IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na majirani zake, cha kutabiri hali ya hewa kiko Ngong, kwa hiyo walimu na takwimu haviko mbali.

Mkaguzi wa Ghala amejibu:

Nawashukuru sana. Jana usiku nilikitoa cheti changu sandukuni na kukisoma kwa mara ya kwanza kama mtu anayesoma mkataba: kweli, ni cha sayansi tekelezi. Nimewaandikia wale wa Marekani wanipe tathmini ya somo kwa somo, nao wamejibu kwamba krediti 27 tu ndizo zitakazohesabiwa katika masomo ya lazima. Nimemwonyesha mjomba barua hiyo, akacheka kidogo, kisha akasema yuko tayari kulipa ada ya hapa nyumbani. Wiki ijayo nitapeleka cheti kilinganishwe, na mfumo wa uongozi wa matukio nitausoma mwenyewe pole pole.

Swali langu lililobaki ni hili: je, miaka yangu ya ghalani itahesabiwa popote?

Mzimamoto Mstaafu amejibu:

Itahesabiwa ikiwa imeandikwa, dada. Kanuni za 2007 za kupunguza hatari ya moto mahali pa kazi zinadai zoezi la kuhama angalau mara moja kila miezi 12. Fanya yako mara mbili, na kila mara uandike tarehe, idadi ya watu, dakika walizotumia kutoka na kilichoharibika. Mimi nimeketi kwenye meza za usaili mara kadhaa, na mwombaji aliyekuja na daftari la namna hiyo tulikaa naye muda mrefu kuliko wengine.