Krisanthemamu za getini hazitoi tumba, na zinia zinakauka (Kampala, Januari)

Mama Bustani, Ntinda
Habari zenu. Tangu mvua zikatike Desemba, zinia na marigoldi zimebaki vichwa vya kahawia, na majani ya zinia yana unga mweupe. Tuta ni mita 3 kwa 1, mbolea ni ya kuku, namwagilia kidogo kila jioni. Halafu krisanthemamu za getini zimefika kiunoni bila tumba hata moja, ilhali za nyuma ya nyumba zimechanua vizuri. Nifanyeje nipate maua mpaka mvua za Machi?

Fundi Kitalu
Getini kuna taa inayowaka usiku kucha? Krisanthemamu hutunga tumba giza likiwa refu na lisilokatizwa. Huku kwetu kwenye ikweta usiku una urefu wa kama saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo huchanua mwezi wowote. Ukizimulika, zinahesabu bado ni mchana na kuendelea kurefuka tu. Mashamba ya maua kando ya Ziwa Victoria huwasha taa usiku makusudi, ili mimea mama itoe vipandikizi badala ya maua. Zima taa, au ielekeze barabarani. Punguza theluthi ya urefu, kisha hesabu wiki 8 hadi 10 za giza kamili. Kufunika kwa gunia jeusi kila jioni kunafaa pia, ila ukiruka siku mara kwa mara tumba hukwama.

Mzee wa Matuta
Hayo ya zinia ni mambo mengine. Kichwa cha kahawia kinatengeneza mbegu, na mmea ukishapata mbegu hauna haja ya kuchanua tena. Usinyofoe kichwa peke yake. Kata shina juu kidogo ya jozi ya majani, hapo yatachipua matawi mawili. Zilizopita miezi mitatu zimechoka, ng'oa, kisha panda mbegu mpya sasa hivi.

Kumwagilia kidogo kila jioni ndiko kunakoziua. Maji yanaishia juu na mizizi inayafuata hukohuko juu. Toa jerikeni moja la lita 20 kwa kila mita ya mraba, mara mbili kwa wiki, asubuhi, kwenye udongo na si kwenye majani. Tandaza nyasi kavu au maganda ya kahawa unene wa sm 5, ukiacha nafasi kuzunguka shina lisioze. Mbolea ya kuku simamisha: naitrojeni ikizidi unapata majani tu.

Dada Waridi
Unga huo ni ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu. Watu hudhani unaletwa na mvua, kumbe hushamiri kiangazi, usiku ukiwa na unyevu na mchana mkavu. Ondoa majani ya chini yaliyoathirika, acha sm 30 kati ya miche hewa ipite. Nyunyiza maziwa sehemu 1 kwa maji sehemu 9, pande zote za jani, kila wiki. Yanakinga majani mapya. Yaliyokwisha kuathirika hayaponi.

Mama Bustani, Ntinda
Asanteni. Taa ipo, ya LED nyeupe. Nikiweka balbu hafifu?

Fundi Kitalu
Hata hafifu ikiwa karibu inatosha kuharibu. Weka ile inayowaka mtu akipita tu.