Kusema KDF (jeshi letu la Kenya) warudi nyumbani kutoka Somalia ni usaliti? Tujadili, matusi tuache

Mleta mada:

Wakuu, mimi nimechoka na hii tabia ya mtu akihoji vita vya Somalia anaambiwa hana uzalendo ama ametumwa. Kila kukitokea shambulio script ni ile ile, mmoja anasema turudishe jeshi, mwingine anamrukia kwamba anafurahisha Al-Shabaab, wiki mbili zikiisha tumerudi kwa siasa zetu za 2022 sijui 2027 na wanajeshi wako huko huko. Tangu Oktoba 2011! Mtoto aliyezaliwa mwaka huo ashaota ndevu na bado hatujawahi kukaa kama nchi tukaulizana hii kazi inaisha lini na tutajua aje kama tumeshinda.

Kwa wale wamesahau ama walikuwa wadogo. Mwezi wa tisa na wa kumi 2011 watalii walitekwa upande wa Lamu, halafu tarehe 13 Oktoba wafanyakazi wawili wa shirika la madaktari la Médecins Sans Frontières wakatekwa kambi ya wakimbizi ya Dadaab, na tarehe 16 jeshi likavuka mpaka, Operesheni Linda Nchi. Serikali ikataja kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa, haki ya kujilinda. Sawa, nchi ina haki ya kujilinda, sibishi. Lakini katiba yetu ilikuwa na mwaka mmoja tu wakati huo na 240(8) inasema Baraza la Usalama wa Taifa linapeleka jeshi nje kwa idhini ya bunge, na hata ukisema hiyo ilikuwa vita kamili, rais akitaka kutangaza vita pia anahitaji bunge. Sasa bunge lilikuja kupitisha KDF waingie AMISOM, kile kikosi cha Umoja wa Afrika Somalia, Disemba, vijana washakwama kwa matope ya mvua huko Somalia karibu miezi miwili. Hiyo si idhini, hiyo ni kupewa taarifa.

Na kuna kitu watu hawasemi. 2011 tulikuwa na serikali ya nusu mkate, Kibaki rais, Raila waziri mkuu, upinzani wa maana bungeni hakuna. Nani angeuliza? Vita pekee kubwa ambayo nchi imewahi kupeleka jeshi nje ikaanza wakati kila mkubwa yuko ndani ya serikali. Baadaye Raila akiwa nje akaanza kusema jeshi lirudi, Jubilee waliokuwa serikalini wakamwambia si ulikuwa waziri mkuu wakati wanaenda, na kutoka hapo mjadala wote ukawa wa Raila. Somalia ikasahaulika. Unapinga vita basi wewe ni CORD, muungano wa Raila, unaunga mkono basi wewe ni Jubilee. Ujinga mtupu.

Swali langu: kupinga vita wakati jeshi liko uwanjani ni usaliti? Mimi nasema hapana, na nasema kukaa kimya ndiko kumetufikisha hapa.

Mchangiaji wa 1:

Nina ndugu yangu wa damu ashawahi kutumwa huko kwa hivyo nitaongea bila kupamba. Mnaoandika kwa simu mkiwa mmelala kitandani hamjui hao jamaa wanataka nini. Al-Shabaab hawawezi kuishinda KDF vita ya uso kwa uso, wanachopigania ni akili yako wewe ulalamike mpaka serikali iogope. Ndio maana wakishambulia kambi wanatembea na kamera. Ndio maana baada ya jengo la maduka la Westgate Nairobi, watu 67, na baada ya chuo kikuu cha Garissa, watu 148, ujumbe wao ulikuwa ni toeni jeshi lenu. Sasa ukiamka asubuhi ukaandika toeni jeshi, hata kama nia yako ni safi kama maji ya mvua, umewafanyia kazi.

Mfano si wa kubuni. Oktoba 1993 Wamarekani walipoteza wanajeshi 18 Mogadishu, picha za maiti zikiburutwa barabarani zikaonyeshwa kwa tv kule kwao, wananchi wakachemka, Clinton akatangaza wote watatoka kufikia 31 Machi 1994. Wakatoka. Somalia ikaachwa hivyo na hao wanaotusumbua leo wakamea humo humo. Osama mwenyewe alitumia hiyo kusema Mmarekani ni mwoga akimwagwa damu kidogo anakimbia. Huo ndio mjadala wa nyumbani unaoutaka?

Na hii story kwamba tulishambuliwa kwa sababu tulienda, 1998 ubalozi wa Marekani Nairobi ulilipuliwa watu zaidi ya 200 wakafa, KDF ilikuwa Somalia? Hoteli ya Kikambala iliyolipuliwa 2002 je?

Mchangiaji wa 2:

Wabunge?? Hawa hawa?? 😂 Mkuu hao wakiletewa hoja ya kupeleka jeshi mwezini watapitisha bora kuwe na posho.

Mchangiaji wa 3:

Nyinyi mnajadili vita, sisi ndio tulijadiliwa. Mimi ni Msomali Mkenya, kitambulisho ninacho, na nilikuwa Eastleigh 2014 wakati wa Usalama Watch, ule msako wa polisi. Maelfu ya watu walikamatwa, wengine wakapelekwa kiwanja cha Kasarani kuchujwa kama wezi, mtu akisema ni raia anaulizwa habari za babu yake. Wakati huo ukifungua redio mjadala wa vita ulikuwa ni wakimbizi warudi kwao na Wasomali watoke Nairobi. Sio jeshi linafanya nini kule Kismayo, Somalia, sio mpango ni upi, ni sisi. Kwa hivyo huyu ndugu wa juu akisema maneno ya nyumbani yana madhara vitani nakubali yana madhara, lakini aangalie ni maneno gani. Yale yaliyomfanya kijana wa Eastleigh ajione hana nchi ndiyo yaliwapa Al-Shabaab kazi rahisi, na hayakusemwa na wapinga vita, yalisemwa na wale waliokuwa wanajiita wazalendo.

Na usisahau Mandera, kule mpakani na Somalia. 2014 basi lilisimamishwa wakauawa watu 28, siku kumi baadaye machimbo ya mawe wakauawa 36. Sisi wa huko tunahesabu vita kivingine kabisa. Wengine wetu hata hatutaki KDF watoke, tunataka walinde mpaka upande wetu pia, manake huku walimu na madaktari washakimbia na watoto wanakaa bila masomo. Lakini hakuna mtu alituuliza. Mjadala unafanyika Nairobi.

Mchangiaji wa 4:

Jirani yenu wa Tanzania hapa naomba kuchangia. Sisi mwaka 1978 Amin alichukua Kagera, Mwalimu akasimama akasema uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Mpaka leo wazee wanaisema kwa kichwa. Hakukuwa na mjadala na kwa kweli haukuhitajika, mtu kakaa ndani ya ardhi yako utajadili nini. Ila shida ilianza pale tulipomtoa tukaendelea mpaka Kampala, Aprili 1979, halafu majeshi yetu yakabaki Uganda mpaka 1981. Hapo ndo ilikuwa vita nyingine na nchi haikuulizwa. Chama kimoja, redio moja, magazeti ya serikali na ya chama, nani aulize gharama? Tukaambiwa tufunge mikanda miezi 18, wanaojua watakwambia hiyo mikanda ilifunguliwa lini. Foleni za sukari na sabuni miaka ya themanini, vita haikuwa sababu pekee lakini ilikuwemo. Na mimi bado naamini kumtoa Amin ilikuwa sahihi kabisa, sijutii. Nachosema ni kwamba kuna vita ya kujilinda na kuna ile ya kubaki baadaye, na hiyo ya pili hupita kwa mgongo wa ya kwanza bila mtu kuiona. Nyie Linda Nchi iliisha lini ikaanza hiyo nyingine? Nauliza tu aisee.

Mleta mada:

Huyu wa Tanzania amenisaidia sana, manake hiyo ndiyo swali. Linda Nchi ilikuwa kusukuma magaidi mbali na mpaka. Mwaka 2012 tukavaa kofia za AMISOM, mwezi wa tisa tukaingia Kismayo, na kutoka hapo lengo likawa kulinda serikali ya Somalia, kulinda jimbo la Jubaland, sijui kulinda nini tena. AMISOM ikawa ATMIS 2022, ATMIS ikawa AUSSOM 2025. Jina linabadilika, vijana ni wale wale. Ni mara ngapi umeona hayo yakijadiliwa bungeni mpaka ukajua nani alikataa na nani alikubali?

Sasa ndugu wa 1, naheshimu kwamba una mtu wako huko na hoja yako ya 1993 ni nzito sitaipuuza. Lakini angalia kilichofanyika kwetu. 15 Januari 2016, El Adde, kambi ya KDF huko Somalia imevamiwa alfajiri. Serikali haikutoa idadi kamili ya waliouawa. Rais wa Somalia Hassan Sheikh Mohamud akaongea kwa tv akasema karibu 180 ama 200, jeshi letu likakataa, mwezi wa tano CNN wakaripoti 141. Mwaka mmoja baadaye kambi ya Kulbiyow ikavamiwa, KDF wakasema 9, Al-Shabaab wakatangaza idadi kubwa zaidi ya hiyo. Unaona tatizo? Ukinyamaza, adui ndiye anabaki msemaji. Video yake inakuwa ndiyo taarifa pekee. Wewe unasema mjadala unamsaidia, mimi nakwambia giza ndilo linamsaidia, na familia zinabaki kusoma habari za watoto wao kwa gazeti la nje.

Wakati huo huo walijaribu kutufunga mdomo kisheria kabisa. Disemba 2014, ile siku wabunge walirushiana ngumi na kumwagiana maji wakipitisha sheria za usalama, kulikuwa na kipengele ukichapisha kitu kinachodaiwa kuvuruga operesheni za kupambana na ugaidi ni miaka hadi 3 ndani ama faini hadi milioni 5. Mahakama Kuu ikafuta vipengele 8 Februari 2015, hicho kikiwemo. Tungenyamaza kwa ajili ya uzalendo kingekuwa bado kiko.

Na suala la pesa, hapa naomba mnisikilize. Kila mwanajeshi wa AMISOM alikuwa analipiwa dola 1,028 kwa mwezi, pesa ya Umoja wa Ulaya, serikali inakata kiasi halafu anapata zake. 2016 Ulaya wakapunguza asilimia 20 na ghafla viongozi wa nchi zenye majeshi huko wakaanza kusema labda watatoa jeshi. Eti! Miaka minne damu haikuwafanya watishie kutoka, ila asilimia 20. Juu ya hiyo kuna ripoti za wachunguzi wa Umoja wa Mataifa kwamba mkaa uliendelea kutoka bandari ya Kismayo baada ya KDF kuingia na mkaa wenyewe ulikuwa umepigwa marufuku. Jeshi lilikana kunufaika. Sawa wamekana, lakini mahali pa kukana ni mbele ya kamati ya bunge, wakiulizwa maswali, sio kwa taarifa ya aya mbili.

Mchangiaji wa 1:

Umeongea vizuri lakini unaota kuhusu bunge. Uingereza walipiga kura kabla ya Iraq, 18 Machi 2003, 412 kwa 149. Mwezi mmoja kabla London ilijaa waandamanaji mamia ya maelfu. Robin Cook akajiuzulu uwaziri. Vita ikaenda vile vile, silaha za maangamizi hazikuwepo. Sasa hiyo kura ilisaidia nini?

Mleta mada:

Ilisaidia hivi: kila mtu anajua nani alipiga kura gani. Wabunge 139 wa chama cha Blair mwenyewe walimgeuka kwa kuunga marekebisho ya kupinga. Waziri mkuu wao alikuwa anasoma majina ya wanajeshi waliouawa mbele ya bunge kabla ya maswali ya Jumatano, kwa hivyo kupinga vita na kuwaheshimu askari vilikaa chumba kimoja. Uchunguzi wa Chilcot kuhusu hiyo vita ukamhoji Blair hadharani, na ripoti yake ikatoka 2016. Kule Marekani Hillary Clinton kura yake ya Oktoba 2002 ya kuunga vita vya Iraq ilimfuata mpaka 2008, Obama akambana nayo. Vita haikuzuiwa, kweli, lakini bili ililetwa kwa mtu mwenye jina.

Sisi je? Nikuulize mbunge wako alisema nini kuhusu Somalia, hujui. Mimi pia wa kwangu sijui.

Ninachotaka ni kidogo tu. Jeshi likikaa nje, kila mwaka waziri wa ulinzi aende bungeni aombe upya, kura ipigwe kwa majina, na idadi ya waliouawa na waliojeruhiwa itajwe. Wakisema wabaki, wabaki. Hata mimi naweza kushawishika, huyu wa kutoka kaskazini amenifikirisha hapo kwa mpaka.

Mchangiaji wa 1:

Kura ya kila mwaka naweza kuikubali. Idadi ya waliojeruhiwa hapana, hiyo inamwambia adui umebaki na wangapi kwa kambi.

Mleta mada:

Itolewe ya mwaka mzima kwa pamoja, bila kutaja kambi. Hapo pia adui anafaidi nini?

Mchangiaji wa 3:

Na raia wa Mandera, Lamu na Garissa wahesabiwe kwa hiyo ripoti. Hao si askari lakini wamekufa kwa hii vita.